Ukitaka kuwafundisha vijana historia ya sheria ya utoaji mimba

Usianze kwa kuuliza nani anaunga mkono na nani anapinga. Nimefundisha uraia miaka mingi, na bado Jumamosi ya kwanza barazani kwangu Magomeni nilianza hivyo. Binti mmoja wa kidato cha nne akajitanda khanga mpaka machoni, akainuka, akaondoka. Baadaye nikaambiwa dada yake alifariki akitoa mimba kwa kificho. Tangu siku ile naanza na karatasi.

Bandika manila ukutani, uchore mistari mitatu: London, Washington, Dar es Salaam. Mpe mmoja wao Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, asome kwa sauti. Kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14. Cha 151: mwanamke mwenyewe, 7. Cha 152: aliyetoa dawa au kifaa, 3. Msimamishe hapo, uulize maneno haya asili yake wapi. Watakwambia Dodoma. Weka kidole mstari wa London, 1861: yametoka kwenye sheria ya Waingereza ya mwaka ule, yakaja na mkoloni. Wenyewe walilegeza ya kwao 1967. Sisi tulikuwa na uhuru wa miaka sita, ya kwetu ikabaki.

Kifungu cha 230 wasome mara mbili. Daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu, ili kuokoa maisha ya mama, hana kosa. Barazani kwangu sijapata kijana aliyewahi kukisikia, na hilo linaniuma.

Washington inahitaji maka za rangi mbili. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu utoaji mimba, kwa hukumu iitwayo Roe, 2022 ikaifuta. Katikati, jambo hili likawa la kuchagulia marais na majaji. Sasa andika nyekundu 1984: Rais Reagan azuia fedha za uzazi wa mpango kwa mashirika ya nje yanayotoa mimba au kuitetea. Kijani 1993, Clinton aondoa. Nyekundu 2001, kijani 2009, nyekundu 2017, kijani 2021, nyekundu 2025. Vijana wataona wenyewe kwamba kura ya Ohio, jimbo la Marekani, inafika hadi kliniki ya Temeke.

Mstari wa Dar usiujaze wewe. Andika 2007 tu, tuliporidhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake unaogusa pia utoaji mimba, kisha acha maka juu ya benchi. Yule binti alirudi wiki ya tatu. Aliandika 2019, bila neno lingine, akakaa. Ukiona hivyo, usimuulize.