Kabla ya kumwona bingwa wa saratani ya kibofu

Mgonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo huhudumiwa na madaktari kadhaa ambao mara nyingi hawakutani: bingwa wa mfumo wa mkojo, wa patholojia, wa tibakemikali na wa mionzi. Kwa hiyo mapema kabisa mtu mmoja katika familia akabidhiwe faili, na karatasi ya juu iwe majibu ya kinyama kilichokwanguliwa kibofuni.

Yasomeni majibu hayo. Je, saratani imeingia kwenye msuli wa kibofu? Na kinyama chenyewe, kilikuwa na msuli ndani yake? Swali la pili husahaulika, na hilo huniuma, kwa sababu msuli usipochukuliwa hakuna awezaye kuthibitisha kuwa uko salama. Hapo ulizeni kuhusu kukwangua tena, kwa kawaida ndani ya wiki 2 hadi 6.

Ikiwa haijafika kwenye msuli lakini ni ya hatari kubwa, huenda mkashauriwa BCG, ile inayojulikana kwa chanjo ya kifua kikuu. Huingizwa kibofuni kwa mpira mara moja kwa wiki, wiki 6, kisha dozi za kuendeleza hadi miaka 3. Hakikisheni kwanza kwamba dawa ipo, maana imewahi kuadimika. Mkojo ukionekana na damu, au kukiwa na maambukizi, dozi huahirishwa. Pigeni simu kabla ya kutoka nyumbani.

Ikishaingia kwenye msuli, msisubiri bingwa mmoja amalize ndipo mumtafute mwingine. Ombeni wakae pamoja kabla ya kuamua kati ya kutoa kibofu na kukibakiza kwa mionzi na tibakemikali. Vipimo vya figo viwe vya karibuni, kwani sisplatini, dawa ya tibakemikali, haiwafai wenye figo dhaifu.

Kibofu kikitolewa na mfuko wa mkojo wa kubandikwa tumboni ukahitajika, muuguzi wa mifuko amwone mgonjwa kabla ya upasuaji. Amtazame akiwa amesimama, ameketi na ameinama, ndipo amchoree alama, ili tundu la kutolea mkojo lisiangukie kwenye mkanda wa suruali wala mkunjo wa tumbo.

Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe kwa kila daktari. Sigara iachwe sasa. Na mwombe namba ya kupiga usiku, endapo mabonge ya damu yataziba mkojo.