Mguu Ukikosa Damu, Pima Kiuno, Presha na Sukari

Kazi yangu ni uuguzi, kwenye chumba cha kupima mishipa ya miguu, na kuna jambo natamani kila anayelala kwenye kitanda changu aondoke akilijua. Mguu ukikosa damu, ugonjwa haujaishia mguuni. Mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za ateri ya paja (ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) mara nyingi yapo pia kwenye ateri za moyo na za shingo, ndiyo maana wengi wenye tatizo hili hufariki kwa moyo au kiharusi, wala si kwa mguu. Kwa hiyo ukiambiwa damu haifiki vizuri miguuni, usikubali kuondoka na dawa ya maumivu tu. Omba upimwe vitu vitano.

Vitu hivyo ni mzunguko wa kiuno, presha, sukari kabla ya kula asubuhi, mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, na kolesteroli nzuri, yaani HDL. Vitatu vikivuka mpaka, una sindromu ya metaboli, yaani mkusanyiko wa hatari zinazoharibu moyo na mishipa. Mipaka yenyewe: presha 130/85 au zaidi (namba moja kati ya hizo ikifika inatosha), sukari 5.6 mmol/L au zaidi; trigliseridi 1.7 mmol/L au zaidi. HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume na chini ya 1.3 kwa mwanamke. Kama tayari unameza dawa za presha au za sukari, hesabu kipimo hicho kuwa kimevuka hata kama namba ya leo ni nzuri. Mpaka wa kiuno hutofautiana kati ya jamii na jamii. Wataalamu wengi hutumia sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, wengine 102 na 88.

Kiuno unaweza kukipima mwenyewe, ila wengi hukosea mahali. Hufunga futi ya kamba pale unapokaa mkanda wa suruali, chini ya kitambi, wakapata namba ya kuwafariji. Papasa ubavu wa mwisho, kisha ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga; futi ipite katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi, bila kubana. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, soma namba.

Kipimo cha mguu nacho kielewe, maana ni chako. Unalala chali dakika kama 10 utulie. Napima presha ya mikono yote miwili, halafu nafunga kitambaa cha presha juu ya kifundo cha mguu, napaka jeli na kuweka kidude cha dopla, kinachotoa sauti ya damu inavyopita, juu ya mshipa. Mshipa mzima hupiga kwa nguvu, fuu-fuu, kila pigo likijitenga na jingine. Ulioziba hutoa sauti hafifu inayoburuta. Nagawanya presha ya kifundo kwa presha ya mkono uliosoma juu zaidi. Kifundo kikisoma 96 na mkono 150, jibu ni 0.64. Jibu la 0.90 au chini yake linaonyesha ateri zimeziba. Zaidi ya 1.40 si habari njema: ateri zimekakamaa, jambo la kawaida kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, na hapo omba upimwe presha ya kidole gumba cha mguu.

Sasa kutembea, dawa ambayo watu huikimbia kwa sababu inauma. Tembea mwendo utakaoleta maumivu ya kigimbi ndani ya dakika 3 hadi 5. Endelea mpaka yawe makali kiasi, kisha simama, subiri yaishe kabisa, ondoka tena. Fanya hivyo kwa dakika 30 hadi 45, ukihesabu na kupumzika, angalau mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12 au zaidi. Ukiweza kwenda dakika 8 hadi 10 bila maumivu ya kukusimamisha, ongeza kasi au tafuta kilima. Maumivu hayo hayaharibu mguu. Misuli hujifunza kutumia vizuri damu kidogo inayofika, na sukari na presha nazo hushuka njiani. Maumivu ya kifua ni kitu kingine: yakija, acha na utafute msaada. Na kama una kidonda mguuni, muone daktari kabla ya kuanza.

Kama unavuta sigara, hapo ndipo pa kuanzia kuliko popote. Kitambi nacho: kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunasogeza vipimo vyote vitano. Mimi huwaambia wagonjwa waanze na vinywaji vya sukari, kwa kuwa hupandisha trigliseridi upesi na havishibishi. Daktari kwa kawaida ataandika statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na dawa ya kuzuia damu kuganda kama aspirini au klopidogreli. Statini unapewa kulinda moyo na ubongo pia, hivyo usiiache eti mguu umepata nafuu.

Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo ikibidi. Mwenye kisukari huenda asisikie maumivu hata damu ikiwa haifiki, kwa sababu neva zimekufa ganzi. Usikande miguu kwa maji ya moto. Soksi za kubana usivae kabla ya kipimo cha kifundo; kwenye mguu usio na damu zinaweza kuua ngozi.

Maumivu ya vidole usiku yanayopungua ukining'iniza mguu kitandani, kidonda kisichopona ndani ya wiki mbili, au kidole kinachogeuka cheusi, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda ukaonwe siku hiyo. Mguu ukipoa ghafla, ukauma sana na kufa ganzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mguu huo pia hupauka, ila kwa ngozi nyeusi weupe huo hauonekani upesi, kwa hiyo tazama unyayo na kucha, ulinganishe na mguu wa pili. Saa chache za kwanza ndizo zenye nafasi kubwa ya kuuokoa mguu, kwa hiyo usizipoteze kwa kuchua.