Kudai nyongeza kwenye supamaketi yenye pesa: anza na hesabu

Kwamba makeshia na wapanga rafu wa supamaketi kubwa za Kenya wanastahili mshahara mnono zaidi, hatuna shaka. Lakini ukiingia ofisini na hoja ya "kampuni ina pesa" peke yake, utaambiwa mauzo si faida, na kweli si faida.

Dai kwanza kile ambacho tayari ni chako. Kusanya hati za malipo za miezi mitatu pamoja na barua ya ajira, kisha uangalie cheo ulichoandikiwa. Kwenye jedwali la serikali la mishahara ya chini, keshia wa Nairobi, Mombasa au Kisumu ana kiwango chake: mwaka 2022 kilikuwa shilingi 34,302 kwa mwezi, wakati cha kibarua wa kawaida kilikuwa 15,201. Pengo hilo linatosha kumshawishi mwajiri akuandike "mhudumu wa jumla" halafu akusimamishe kwenye tili kutwa. Weka daftari la zamu zako za tili, tarehe na saa. Viwango hivyo havina marupurupu ya nyumba; ongeza 15%, isipokuwa mkataba useme wazi kwamba yamo ndani.

Ovataimu ndiyo inayoliwa kimyakimya. Wiki ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Gawa mshahara wa msingi kwa 225 upate thamani ya saa moja: mpanga rafu wa 18,000 ana shilingi 80. Saa ya ziada siku ya kazi ni 120, siku ya mapumziko au sikukuu ni 160. Kuhesabu pesa baada ya milango kufungwa ni kazi pia. Ukigusa mashine ya alama za vidole kabla ya kuhesabu, dakika hizo zimepotea. Gusa ukimaliza.

Shoti ya tili, yaani pesa zinazopungua kwenye hesabu, nayo isikatwe ovyo kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba uwe umekukabidhi pesa waziwazi, na upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wako. Watu wawili wakitumia nywila moja, nani atajua shoti ni ya nani? Kataa kuazimana nywila.

Sasa nyongeza yenyewe. Tuseme duka lina wafanyakazi 60 na mnataka 3,000 kila mmoja: ni 180,000 kwa mwezi. Mwajiri ataongeza 6% ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na 1.5% ya ushuru wa nyumba, jumla 193,500. Duka likiuza milioni 24 kwa mwezi, hiyo ni takriban 0.8% ya mauzo. Linganisha pia na bidhaa zinazoharibika au kuibwa, maana wafanyakazi wapya wasiodumu huongeza hasara hiyo.

Usiende peke yako. Chama cha wafanyakazi wa sekta hii ni KUCFAW. Jazeni Fomu S, ya kuruhusu ada ya chama ikatwe kwenye mshahara, na mkifika zaidi ya nusu ya wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri analazimika kukitambua. Msiwahesabu wale wanaopanga maziwa wakiwa na fulana ya msambazaji: mwajiri wao ni mwingine. Kikishatambuliwa, chama kina haki ya kupewa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano, kwa hiyo kiombe hesabu za kampuni kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza. Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri ukishatiwa saini, fuatilieni usajiliwe katika mahakama ya ajira. Kabla ya hapo hauna nguvu.