Panga wosia na hati zako kabla ya kusafiri

Wateja wengi hunijia siku chache kabla ya safari wakitaka wosia. Nawaandikia, ila swali langu la kwanza huwa jingine: ukilazwa ugenini, hujafa lakini hujiwezi, nani atatia saini kwa niaba yako? Wosia hauna la kusema hapo. Ndiyo maana tunaanzia kwingine.

Hatua ya 1: Hati ya uwakilishi, yaani inayompa mtu mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Teua mtu unayemwamini kwa pesa, na wa akiba. Taja kazi zenyewe: kulipa mkopo, kupokea kodi ya wapangaji, kutoa ada kwenye akaunti fulani. Ukiandika "mambo yangu yote", huenda umempa hata ruhusa ya kuuza kiwanja. Weka tarehe ya kuisha. Halafu muulize wakili wako: nikipoteza fahamu, hati hii itasimama? Katika nchi nyingi hati ya kawaida hukoma mwenyewe anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani pale pale anapoihitaji, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba itaendelea. Ukifa, inakufa nawe. Ipeleke benki mapema waikague ungali upo, maana kasoro ikionekana umeshaondoka, kuirekebisha ni kazi.

Hatua ya 2: Wosia. Kama upo, usome upya. Msimamizi wa mirathi akiwa ni mwenzi wako, na mnapanda ndege moja, taja wa pili. Vivyo hivyo mlezi wa watoto. Usikate jina kwa kalamu na kuandika jingine pembeni. Andika wosia mpya. Mashahidi, kwa kawaida wawili, wawepo pamoja wakikuona ukisaini, na wasiwe warithi wala wenzi wa warithi. Na tafadhali usichomoe pini za wosia halisi ili kutoa nakala: matundu yake huzua swali kama kuna ukurasa ulionyofolewa.

Wenye mali katika nchi mbili, angalieni sana sentensi ya "nafuta wosia zote zilizotangulia". Ikiingia kwenye wosia wa pili bila kufikiriwa, inaweza kuufuta ule wa kwanza.

Hatua ya 3: Bima na pensheni. Mara nyingi fedha hizi hufuata fomu ya mnufaika, yaani uliyomtaja atakayelipwa ukifa, si wosia. Fomu uliyojaza kabla ya talaka bado inaweza kumlipa mliyeachana. Omba kuiona.

Hatua ya 4: Matibabu. Andika nani aamue kwa niaba yako na nini hutaki. Nakala moja safiri nayo.

Hatua ya 5: Zipatikane. Wosia uliofungiwa kwenye sanduku la benki unalofungua wewe peke yako utamsumbua sana msimamizi. Andaa ukurasa mmoja wa akaunti, bima na jina la wakili, bila nywila. Weka hati zote kwenye bahasha moja, kisha mwambie msimamizi akaitafute mwenyewe, wewe ukimtazama. Akishindwa kuipata, ihamishe leo.