Somo: Kuchora na Kuunda Fremu ya Kuba kwa Mabomba ya Chuma

Katika kuba la mabomba, kosa la milimita tatu kwenye kipande kimoja hurithiwa na kipande kinachofuata, na likifika juu huwa tundu lisilopitisha bolti. Fremu yangu ya kwanza niliipima kutoka ncha hadi ncha. Pembetatu za mwisho zilikataa kufunga, ikabidi tufungue zote na kutoboa upya. Urefu unaotawala kazi hii ni wa kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu, nao lazima upatikane kwenye mchoro kabla grinda haijawashwa.

Tutaunda nusu-tufe lenye nusukipenyo cha mita 3, linalofunika takriban mita za mraba 26, eneo linalotosha kitalu cha miche. Lina pembetatu 40 na vipande 65 vya urefu wa aina mbili tu. Ni ukoo mmoja na kuba ambalo mhandisi Walther Bauersfeld alilijenga Jena, Ujerumani, katika miaka ya 1920, na yale ambayo mbunifu Buckminster Fuller aliyapatia hataza Marekani mwaka 1954.

Hatua ya kwanza: mchoro

Mimi hutumia FreeCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, kwa kuwa haina malipo na ina lahajedwali ndani yake. Andika R, yaani nusukipenyo, kuwa mm 3000 kwenye seli moja, kisha vipimo vingine vyote vitokane na R. Nukta ya kilele iko kwenye kimo cha R. Nukta tano zinazofuata ziko kwenye kimo cha 0.8507R, umbali wa 0.5257R kutoka mhimili wa katikati, kwenye nyuzi 0, 72, 144, 216 na 288. Kwenye nyuzi hizo hizo weka nyingine tano, kimo 0.4472R na umbali 0.8944R; kisha kuanzia nyuzi 36, kila baada ya nyuzi 72, weka tano zenye kimo 0.5257R na umbali 0.8507R. Chini kabisa ziko kumi, umbali R, zikianzia nyuzi 18 na kupishana kwa nyuzi 36. Jumla ni nukta 26.

Huna haja ya kuunganisha zote kwa mkono. Chora mistari 13 ya humusi moja ya kuba, mifupi 6 na mirefu 7, kisha izungushe kwenye mhimili upate nakala tano. Sasa pima kila mstari: mfupi (A) usome R × 0.54653, yaani mm 1640, na mrefu (B) R × 0.61803, yaani mm 1854. Ukikuta namba ya tatu, kuna nukta uliyoikosea.

Hatua ya pili: kukata

Chukua bomba la inchi moja, unene mm 1.5. Kila tundu litakaa mm 20 kutoka ncha, na mkunjo utakula karibu mm 5 kwa kipande kizima, kwa hiyo kata A 30 za mm 1685 na B 35 za mm 1899. Bomba la mita 6 hutoa vipande vitatu. Mabomba 22 yanatosha na kipande kimoja kinabaki.

Hatua ya tatu: kubapa, kukunja na kutoboa

Hapa usiwe na haraka. Tafuta kwa kidole mshono wa bomba, ule mstari mwembamba unaokwenda urefu wote, uuelekeze juu kabla ya kubana ncha kwenye jiliwa au mashine ya kubana. Mshono ukiangukia kwenye ukingo wa mkunjo, hupasuka. Bapa mm 70 kila upande, ncha zote mbili zikilala sambamba. Toboa tundu moja tu la mm 11, kisha kunja ncha zote kuelekea ndani, A nyuzi 16 na B nyuzi 18. Tundu la pili litoboe mwisho, kwenye jigi (kishikizo cha kupimia) yenye pini inayoingia tundu la kwanza na alama ya mm 1640 au 1854, kwa sababu kukunja hufupisha kipande.

Hatua ya nne: kusimamisha

Anza na duara la chini, panda safu kwa safu, na nati zote zibaki legevu hadi kilele kifungwe. Bolti za mm 10 zenye urefu wa mm 40 zinatosha hata penye ncha sita.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mimi ni fundi wa kuchomelea. Kuna ubaya gani nikichomelea viungo badala ya bolti?

Jibu: Inawezekana, ndugu yangu, ila joto huvuta chuma, hivyo shikiza viungo vyote kwa vidoa (nukta ndogo za kuchomelea) kabla ya kukamilisha hata kimoja. Kama bomba limepakwa zinki, ondoa zinki penye kiungo na ufanyie kazi mahali pa wazi, kwa maana moshi wake unadhuru.

Swali: Nikitaka nusukipenyo cha mita 2, nichore upya?

Jibu: Hapana. Badilisha R tu. A itakuwa mm 1093 na B mm 1236. Idadi ya vipande na nyuzi za mkunjo hazibadiliki, na mabomba 15 yatatosha.

Swali: Mlango unakaa wapi, mwalimu?

Jibu: Kwenye pembetatu ya chini yenye B tatu. Kipande chake cha chini unaweza kukiondoa iwapo miguu yake miwili imefungwa kwenye zege. Kimo chake ni mm 1577 tu, kwa hiyo mimi huinua kuba lote juu ya ukuta mfupi wa matofali, nikiacha pengo la mlango. Vipande vya juu usiviguse kabla hujaweka fremu ya mlango itakayobeba mzigo wao.