Kaa kwa pondi: angalia mguu wa nyuma kwanza

Wafugaji wa samaki huku Kisumu, kuanzia Ahero mpaka Seme, wanauliza sana kuhusu kaa, kuna wale wanataka kuwafuga na kuna wale wanataka kuwamaliza juu wanatoboa kingo za pondi na maji yanapotea. Wote nawaambia mjue kwanza huyo kaa ni wa familia gani, na hiyo unaiona kwa mwili tu.

Mshike kwa nyuma ya gamba, vidole viwe mbali na magando, afu uangalie miguu miwili ya mwisho. Ikiwa bapa kama kasia, huyo ni Portunidae, kaa wa kuogelea, na yule mkubwa wa mikoko kule pwani, Scylla serrata, yuko hapo. Miguu yote ya kutembea ikiisha na ncha kali na umemtoa mto Nyando, mto Yala ama Ziwa Victoria, huyo ni Potamonautidae, kaa wa maji baridi, na mara nyingi utaona mstari umeinuka kwa gamba nyuma kidogo ya macho. Meno ya pembeni mwa gamba yasikudanganye, wa mikoko ana tisa kila upande lakini Potamonautes niloticus wa ziwa letu pia ana meno, so mguu ndio unaamua. Ocypodidae wenye macho juu ya vijiti na Sesarmidae wa gamba la mraba ni wa pwani, huku hutawaona.

Sasa pesa iko hapa. Jike wa mikoko huenda baharini kutaga na watoto wake wanataka maji ya chumvi, kwa hivyo mtu akikuuzia mbegu, yaani vikaa vya kufuga, ati zitazaana kwa pondi ya maji ya mto, usitoe hata shilingi. Wa mto naye anabeba mayai chini ya tumbo na yanaangua vikaa kamili, hapo hapo. Mgeuze uone: kifuniko chembamba cha pembetatu ni dume, kipana cha mviringo ni jike, na kama unataka kuwamaliza, hao majike ndio wa kutoa mapema kwa pondi.

Na tafadhali msimwage dawa ya kupe ama ya mahindi kwa mashimo! Inaua samaki wako, na kuna mama huko chini anachota hayo maji. Tega usiku na matumbo ya samaki, wakati huo ndio wanatembea, afu fukua shimo mpaka mwisho, jaza udongo wa mfinyanzi ulio na unyevu, shindilia kidogo kidogo.