Debe la Pumba Lisiite Sindano

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa ninaowatembelea wana mtindo mmoja unaowatia hasara. Siku ya kunyunyiza dawa ya kupe au kuchoma chanjo, wanagonga debe lile lile la pumba wanalogonga wakati wa kukamua, ili ng'ombe aje upesi. Kweli anakuja. Asubuhi inayofuata debe likilia wakati wa kukamua, anasita, anarusha mateke, maziwa hayashuki. Kisha naambiwa ng'ombe ana tabia mbaya.

Hana. Mlio wa debe ulikuwa ukimwandaa kabla hujamgusa, kwa sababu kila ulipolia chakula kilifuata. Ukiufuatisha na sindano unamtia hofu, na adrenalini, homoni ya hofu, inayomwagika kwenye damu inazuia oksitosini, homoni inayoshusha maziwa. Yanayobaki kwenye kiwele ni hasara yako.

Mnyama hutofautisha ishara mbili kwa sharti moja: hii ifuatwe na chakula kila mara, ile isifuatwe nacho kamwe. Basi debe liwe la kukamua tu. Gonga, na pumba ziwe mbele yake ndani ya sekunde 5, si baada ya kumaliza kuzungumza na jirani! Osha chuchu, subiri kama dakika 1, kisha kamua umalize ndani ya dakika 5 hadi 8, maana oksitosini haikai. Siku ya dawa tumia filimbi, upande mwingine wa zizi, bila pumba.

Msiniambie mtagonga mara mbili kwa maziwa na mara tatu kwa dawa. Katika maabara ya mwanasayansi Ivan Pavlov huko Urusi, mbwa alizoezwa kuwa duara huleta chakula na umbo la yai halileti. Alilijua vizuri, mpaka umbo la yai lilipokaribia duara, urefu kwa upana wake ukiwa 9 kwa 8. Baada ya wiki 3 za kujaribu alianza kulia na kuhangaika, na hata maumbo aliyoyatofautisha kwa urahisi mwanzoni yakamchanganya. Msimfikishe ng'ombe huko. Debe na filimbi havifanani hata kidogo, ndiyo maana nimevichagua.

Kama ng'ombe ameshaliogopa debe, liache kabisa na uanze na kengele, kukamua kwa kukamua, bila kuruka hata siku moja.

Akisikia kengele akaja mwenyewe na maziwa yakaanza kudondoka, ameelewa.